Amitriptilini: Dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva

Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake humchoma kama moto usiku anaweza kutoka hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale, mashariki mwa Uganda, akiwa na vidonge vya amitriptilini. Jirani akimwambia kuwa hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, atakuwa amesema kweli, ila nusu tu; na nusu hiyo yaweza kumfanya mgonjwa aache tiba.

Amitriptilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kutibu sonona, na ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 1977. Huongeza nguvu ya serotonini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya chembe za neva. Kemikali hizo hizo hupunguza makali ya maumivu katika uti wa mgongo. Ndiyo maana dawa hii huwafaa walioharibika neva kwa kisukari au mkanda wa jeshi, na husaidia kuzuia kipandauso.

Kinachotofautiana ni kipimo. Kwa maumivu, kwa kawaida huanzwa na miligramu 10 hadi 25 usiku. Kwa sonona huongezwa taratibu, hata kufikia 75 au zaidi. Usingizi huja mapema, lakini nafuu ya moyo huchukua wiki mbili hadi nne, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kuiacha ghafla nako huleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi.

Dawa hukausha kinywa, hufunga choo na huleta usingizi, jambo la kuangaliwa sana na dereva wa bodaboda. Mwenye ugonjwa wa moyo, glakoma au tezi dume iliyovimba amweleze daktari kabla ya kuianza.

Hatari kubwa ni kuizidisha, kwani huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua. Mgonjwa aliyewahi kufikiria kujiua hupewa vidonge vichache kwa wakati mmoja, naye ndugu amtunzie, mbali na watoto. Aliyemeza kupita kiasi apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anazungumza vizuri.