Nahodha Joseph Watt: Mvuvi Aliyekataa Kuiacha Boti Yake

Kila aliyepita katika madarasa ya historia ya shule yetu analikumbuka jina la Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai, 1915. Pengine wachache wanakumbuka kwamba miongoni mwa vyombo vya Waingereza vilivyoingia Rufiji vilikuwamo vyombo vya kuvulia nyangumi vilivyofungwa mizinga. Vita Kuu vya 1914–1918 havikupiganwa na majemadari peke yao. Viliwachukua pia wavuvi na vyombo vyao. Makala haya yanamhusu mvuvi mmoja wa vita hivyo, aliyepigana mbali na pwani yetu.

Joseph Watt alizaliwa tarehe 25 Juni, 1887 katika kijiji cha Gardenstown, kaskazini mashariki ya Uskoti. Watu wa pwani ile waliishi kwa kuvua heringi, samaki mwenye udugu na dagaa. Nyavu ndefu ziliteremshwa majini jioni zikaning'inia kama pazia, na boti ikaachwa ichukuliwe na mkondo pamoja nazo usiku kucha. Bahari iliyowalisha akina Watt ndiyo iliyomchukua baba yake, yeye akiwa angali mtoto. Hata hivyo naye alishika kazi ile ile, akawa nahodha.

Wakati wa vita, nyambizi za Ujerumani na Austria-Hungaria zilikuwa zikitoka katika Bahari ya Adriatiki kwenda kuzamisha meli za Mediteranea. Njia yao ilikuwa moja tu: mlango-bahari wa Otranto, baina ya Italia na Albania, wenye upana wa kiasi cha kilomita 70. Mwaka 1915 Waingereza walipeleka huko boti za heringi ili ziuzibe kwa nyavu za chuma. Wavuvi waliambiwa wafanye kazi waliyoizoea, ila badala ya samaki wanase nyambizi. Watt, akiwa askari wa akiba wa jeshi la maji, aliongoza boti iitwayo Gowanlea, yenye mzinga mmoja mdogo.

Alfajiri ya tarehe 15 Mei, 1917 zilitokea manowari tatu za Austria-Hungaria: Novara, Helgoland na Saida, chini ya uongozi wa Miklós Horthy. Boti zilizokuwa kazini zilikuwa 47. Mabaharia wengi waliamriwa washuke kabla boti zao hazijapigwa. Boti 14 zilizamishwa na watu 72 wakatekwa.

Manowari moja iliikaribia Gowanlea, umbali wa mita 90 hivi, ikamwamuru Watt asimame na kuiacha boti. Badala yake aliamuru injini iongezwe mwendo hadi mwisho, akawataka mabaharia wake wapige vigelegele mara tatu na kupigana mpaka mwisho. Mzinga wao ulifyatua risasi moja tu, kisha ukaharibiwa na adui. Wapiga mzinga hawakukimbia. Waliendelea kuutengeneza huku wakimiminiwa risasi. Adui alipopita, Watt aliisogeza Gowanlea ubavuni mwa boti Floandi, iliyokuwa imeharibika vibaya, akasaidia kuwatoa maiti na majeruhi.

Je, wale walioziacha boti zao walikuwa waoga? La hasha. Mzinga mmoja mdogo hauwezi kushindana na manowari, na nahodha anayeokoa watu wake ametimiza wajibu. Amri ya Watt nayo ingeweza kuwaua mabaharia wake wote bila kumzuia adui hata kwa dakika chache. Jambo lisilo na ubishi ni lile la Floandi. Hapo hapakuwa na vigelegele, palikuwa na kazi ya mvuvi kumwendea mvuvi mwenzake baharini.

Tena uzio wenyewe ulinasa nyambizi chache mno, na baada ya shambulio lile boti hazikuachwa tena kazini usiku. Ushujaa wa watu hauthibitishi kwamba mpango wa wakubwa wao ulikuwa mwema.

Watt alitunukiwa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza. Vita vilipokwisha alirudi Fraserburgh kwenye heringi zake, na habari za Otranto hakupenda kuzizungumza. Vita vya pili vilipokuja, alitumika tena katika boti za jeshi karibu na kwao. Alifariki tarehe 13 Februari, 1955.

Horthy, aliyeongoza manowari zile, aliitawala Hungaria tangu 1920 hadi 1944, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Watt alirudi kuvua. Wanafunzi mlioko shuleni sasa, mnapoisoma vita yoyote, someni majina ya wakuu, kisha ulizeni: nyavu zilishikwa na nani?