Lafudhi ya Mzee Ojwang': Habari za Michezo ya Televisheni Nchini Kenya

Katika mambo yaliyoleta mabishano marefu nchini Kenya tangu televisheni ilipoingia majumbani mwa watu, sidhani kama liko lililodumu kuliko hili: mtu wa kabila fulani akiigizwa mbele ya taifa zima, aigizwe na nani, na kwa kinywa gani. Televisheni yenyewe ilianza kurusha picha mwaka 1962, ikawa mali ya serikali mwaka 1964 chini ya Sauti ya Kenya, na hadi kituo cha KTN kilipozaliwa mwaka 1990 haikuwa imepata kuwa na mshindani. Kwa hiyo kilichoonyeshwa usiku ndicho kilichozungumzwa asubuhi, maadamu wenye sanduku hilo walikuwa wametazama mamoja, na wasiokuwa nalo walikuwa wamejisogeza ukumbini kwa jirani.

Mchezo uliolichochea shauri hili mapema ni Vioja Mahakamani. Hakimu ameketi juu, kiongozi wa mashtaka amesimama na makaratasi yake, na kizimbani yuko Ondiek, au Makokha, au Masanduku arap Simiti, watu ambao majina yao peke yake humwambia Mkenya, kabla hawajafumbua kinywa, huyu katoka Nyanza, yule Magharibi, na huyo mwingine Bonde la Ufa. Mshtakiwa hujitetea kwa maneno mengi, akiyachukua ya kisheria na kuyageuza atakavyo, na Kiswahili chake huchukua sauti zote za lugha ya mamaye. Hakimu naye humjibu kwa Kiswahili kilichonyoka, kisha hupitisha hukumu. Nimeutafakari sana mpango huo, na naona ya kuwa ndani yake mlikuwamo jambo ambalo watazamaji walilihisi kabla ya kuweza kulitamka, nalo ni kwamba sheria ilipewa ufasaha, na raia akapewa lafudhi ya kwao.

Wako waliofurahi, na furaha yao ilikuwa na hoja. Katika siku zile ambazo taarifa ya habari ilifunguliwa kwa shughuli za Rais na kusomwa kwa lugha kavu, kuisikia lafudhi ya nyumbani kwenu ikitoka katika chombo cha serikali kulikuwa ni kama kutambuliwa. Na wako waliochukizwa, wakauliza kwa nini Mjaluo aonekane tu pale anapotamka "s" mahali pa "sh", na Mluhya aonekane tu akiwa mpishi au bawabu, ilhali kabila hizo zimetoa madaktari, wanasheria na walimu wa vyuo vikuu. Mabishano hayo yalipoa na kuwaka tena kwa kadiri ya hali ya nchi, hata ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na fitina iliyoufuata, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wakiwa wameandamwa kwa sababu ya kabila zao. Mwaka 2008 ikatungwa sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kuyafanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Tangu hapo hata mzaha uliokuwa ukipita bila kuulizwa ukaanza kupimwa, na mimi nasema ilikuwa haki upimwe.

Lakini mizani hiyo hiyo inapowekewa mchezo mwingine wa vichekesho, Vitimbi, matokeo yake ni mengine. Mzee Ojwang', mwenye nywele na ndevu zilizotiwa weupe wa uzee wa kubuni, mwenye kufoka na kujitapa, alikuwa Mjaluo kwa kila neno alilolitamka. Na aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Hapa ndipo ingeweza kuzuka bughudha kubwa, maana siasa ya Kenya tangu miaka ya sitini imezitenga kabila hizi mbili mara nyingi, na Mkikuyu kuitwaa lafudhi ya Mjaluo kungeweza kusomwa kuwa ni istihizai. Hakukusomwa hivyo. Wanjau alipofariki mwezi Julai 2015, alililiwa Kisumu na Nyeri vilevile.

Sababu yake, kwa rai yangu, haimo katika ustadi wa ulimi wake, ingawa ulikuwa mkubwa. Imo katika ndoa. Ojwang' alipewa mke, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na mke huyo hakuwekwa pale kupokea mzaha. Alimkaripia mumewe, alimpinga, alimkumbusha ahadi zake, na mtazamaji aliwaona watu wawili waliozoeana hata ugomvi wao una kanuni zake. Mtu mwenye mke wa namna hiyo hawezi kubaki kuwa lafudhi tupu, kwa kuwa ana deni, ana aibu, ana wa kumficha jambo na wa kumrudia. Watu wengi waliwaamini hata wakadhani ni mume na mke wa kweli, na Khavere amelazimika mara nyingi kueleza ya kuwa sivyo.

Miaka ya tisini ikaja Tausi, tamthilia ya Kiswahili isiyotegemea vichekesho, na kwa mara ya kwanza wengi wakawasikia wanawake wa Kenya wakipendana, wakihasimiana na kusalitiana kwa lugha fasaha. Sisi wa pwani tuliipenda kwa hilo. Hata hivyo tusikatae kuwa ufasaha ule ulizungushiwa majumba ya wenye mali, na mpishi aliyepita nyuma ya kiti akabaki pale pale alipokuwa.

Aliyemleta mbele mtu wa namna hiyo ni Charles Bukeko, katika Papa Shirandula ya Citizen TV, iliyoanza mwaka 2007. Shirandula huondoka nyumbani kwa suti, mkewe Wilbroda akiamini ana kazi ya ofisini, kisha hubadili nguo na kuvaa sare ya bawabu langoni. Ni Mluhya, ni bawabu, na lafudhi anayo, yaani ana yote waliyoyalalamikia wale wa zamani. Lakini hapa ubawabu ndio kisa chenyewe, na hofu yake ya kujulikana na mkewe ndiyo iliyoifanya hadhira ibishane kwa miaka, wengine wakimlaumu kwa uongo, wengine wakimtetea kwa kuwa aliuona mshahara wake mdogo kuwa ni aibu mbele ya mke ampendaye.