Duara la zamani linakaguliwaje kabla ya kukarabatiwa?

Agosti 11, 2025, maduara ya mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, yalititia yakiwa kwenye ukarabati. Watu 25 walifukiwa.

Ukarabati wenyewe ni hatari. Ukitoa timba lililooza, mwamba unabaki bila kitu cha kuushika.

Ukaguzi unaanzia juu: nyufa mpya kuzunguka mdomo wa duara, hasa baada ya mvua. Chini, mwamba unagongwa kwa mtaimbo. Ukilia kama kengele, umeshikana. Ukitoa mlio wa debe tupu, umeachia, na unaangushwa kwanza, mtu akiwa amesimama sehemu iliyokwisha kupimwa. Hata mahandaki ya barabara Ulaya hugongwa hivyo hivyo.

Matimba mapya yanasimikwa kabla ya kung'oa ya zamani. Hapo wanashuka mafundi tu. Wachimbaji wengine wote wanabaki juu.