Mashine Pepe, Mwenyeji na Mgeni

Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliieleza kuwa nakala ya mashine halisi, iliyotengwa na inayofanya kazi kwa ufanisi. Wapo wanaoiita mashine dhahania. Siafikiani nao. Kilicho dhahania kimo kichwani tu, ilhali hesabu inayopigwa ndani ya mashine pepe ni hesabu kweli, na faili likifutwa humo limefutika. Pepe tumeshaizoea katika barua pepe, ambayo haina karatasi wala bahasha na bado inafika. Kasoro ya neno pepe ni kwamba linaashiria wepesi. Ukiipa mashine pepe gigabaiti 4 za kumbukumbu kwenye kompyuta yenye 8, utaona kivinjari kinavyoanza kusuasua.

Kwa anayekaa mbele ya skrini, istilahi zenye manufaa zaidi ni mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ni mfumo endeshi unaoishika kompyuta yenyewe. Mgeni ni ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe. Na mgeni huyu, kwa kawaida, hajui kuwa ni mgeni. Huona kipanya kama chake peke yake. Kipanya cha kawaida hakitaji mahali kilipo. Husema tu kimesogea kiasi gani na upande gani. Mgeni hujumlisha mwendo huo kwa hesabu zake, mwenyeji kwa zake, na vishale viwili huachana. Ndiyo maana ukibofya ndani ya dirisha la mgeni, kishale kinaweza kunaswa humo mpaka ubonyeze kitufe maalumu, ambacho kwenye VirtualBox, mojawapo ya programu za kuendesha mashine pepe, huwa ni Ctrl ya kulia. Asiyeambiwa hudhani kompyuta imeganda, akaizima kwa nguvu na kupoteza kazi yake. Programu nyingine ya aina hiyo, QEMU, inaweza kumpa mgeni bamba la kuchorea la USB badala ya kipanya. Bamba hutaja mahali hasa, hivyo kishale huingia na kutoka bila kizuizi.

Mengine hutatuliwa na programu zinazosakinishwa ndani ya mgeni. Naziita nyongeza za mgeni. Zikiwepo, ukilivuta dirisha skrini ya mgeni hutanuka nalo, na ukiruhusu, maandishi yaliyonakiliwa upande mmoja hubandikwa upande wa pili. Yapo hata mazingira ambamo madirisha ya mgeni hukaa katikati ya yale ya mwenyeji kana kwamba ni mfumo mmoja.

Hapo nasita. Mpaka ukifichwa kabisa, mtu huandika nywila asikokusudia. Qubes OS, iliyotoka rasmi mwaka 2012 chini ya uongozi wa Joanna Rutkowska, huchanganya madirisha ya mashine pepe nyingi kwenye eneokazi moja, lakini kila dirisha hupewa fremu ya rangi ya mashine lilikotoka. Fremu hiyo huchorwa nje ya mashine pepe, hivyo programu iliyomo ndani haiwezi kuighushi. Kunakili kutoka mashine moja hadi nyingine huhitaji Ctrl+C, kisha Ctrl+Shift+C, halafu kule uendako Ctrl+Shift+V na Ctrl+V. Inachosha, lakini mtu anayefungua viambatisho vya watu asiowajua kutwa nzima, ningemshauri auvumilie uchovu huo.