Gazi ya frigo haiishake: historia fupi ya baridi mpaka hapa Goma

Mwaka wangu wa kwanza nyuma ya lisansi ya agronomia nilipata kazi ku depo moja ya dawa za mifugo hapa Goma. Nilikuwa nachunga stoki. Siku moja fundi wa chumba cha baridi alinionyesha mashini inje: "Patron, kondensa imejaa vumbi. Tuisafishe, na tutafute fasi gazi inatokea." Aliomba dola 30. Nikamujibu aongeze tu gazi kidogo, usafi tutaona mwezi unaokuja. Vumbi ya Goma munaijua: ile nyeusi ya mawe ya volkano, inaingia fasi yote.

Wiki tatu nyuma, asubui tulikuta termometri iko ku 19. Chanjo ya kuku ya Newcastle inaomba digri 2 mpaka 8. Tena chanjo iliyopata joto haibadilike rangi wala harufu, mufugaji hawezi kuijua. Tulibishana: tuuze ao tutupe? Tulitupa yote. Tangu ile siku nilianza kusoma historia ya hizi mashini, na nikakuta kosa langu si la Goma peke yake. Liko na karibu miaka mia.

Mwaka 1902, Willis Carrier, enjenia Mumarekani wa miaka 25, alichora mashini ya kupunguza unyevu mu imprimeri moja ya Brooklyn. Karatasi zilikuwa zinavimba na rangi zinakosa fasi yake. Kumbe klimatizere haikuzaliwa juu ya starehe, ilizaliwa juu ya kazi. Na hapa kwetu iko vile vile. Goma iko ku metre karibu 1,500, nyumba nyingi haziitaji klimatizere. Utaikuta fasi kuna vitu vya kuchunga: seva za banki, dawa, samaki.

Zamani mashini za baridi zilitumia gazi za hatari kama amonia na dioksidi ya salfa. Ikivuja, watu wanakohoa, wengine walikufa. Kwa hiyo hakuna aliyezarau tundu. Halafu, karibu na mwaka 1930, Thomas Midgley na wenzake walileta gazi ya familia ya CFC, ile R-12. Haiwake, hainuke, haiue mutu mu chumba. Ilikuwa maendeleo ya kweli, lakini ilituzoeza vibaya: kama gazi inavuja bila kusumbua mutu, unaongeza ingine tu na maisha inaendelea.

Ilikuwa inasumbua kule juu. Mwaka 1974, Molina na Rowland walionyesha kama hizi gazi zinaweza kuharibu ozoni, ile inatukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985, Waingereza walitangaza kama ozoni ya Antaktika inapunguka sana. Mwaka 1987, mapatano ya Montreal yalianza kuzifunga. Dunia ikategemea zaidi R-22, ambayo inaharibu ozoni kidogo, na kisha R-134a na R-410A, ambazo haziigusi ozoni lakini zinapasha dunia joto. Kilo 1 ya R-410A, kwa miaka 100, inalingana na karibu tani 2 za gazi ya kaboni.

Ndipo, tarehe 15 Oktoba 2016, dunia ilikutana jirani yetu, Kigali, ikakubaliana kupunguza na hizi pia. Lakini mapatano hayashike funguo. Ile gazi yote inapita mu mikono ya fundi wa Birere ao wa Katindo, na mu mikono ya yule anayemulipa. Mimi nilikuwa huyo wa kulipa.

Kwa hiyo tujue hii: gazi ya frigo si mafuta ya moto. Haichomeke, haiishake. Inazunguka mu mabomba kama damu. Fundi akirudi kila miezi sita kuongeza, kuko tundu, na pesa yako inaenda hewani. Antretieni ni kazi ndogo: kusafisha filtri na kondensa, kuangalia maji inatoka vizuri, kutafuta tundu mbele ya kuongeza, na kuandika digri kila siku mu kaye.

Gazi mupya zinazokuja, kama R-290, ni propani. Hazipashe dunia sana, lakini zinawaka moto. Tumerudi kule tulianzia: gazi isiyomusamehe mvivu. Wewe unayesoma, kesho utakuwa mukubwa wa depo, wa maabara ao wa banki. Fundi akikuomba dola 30, mupe. Mimi niliichunga ile pesa, nikatupa stoki nzima, na wafugaji wa Sake walingoja chanjo mwezi muzima.