Bei ya Mtu Asiye na Mwajiri: Mchango wa Bima ya Afya Nchini Tanzania, 1993–2023

Historia ya bima ya afya nchini Tanzania huelezwa zaidi kama historia ya taasisi: sheria ilitungwa, mfuko ukaundwa, wanachama wakaongezeka. Insha hii inaifuata historia hiyo kwa njia ya bei, hususan bei aliyotakiwa kulipa mtu asiye na mwajiri.

Chini ya siasa ya Ujamaa, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993 katika hospitali kubwa, kisha ukashuka ngazi kwa ngazi. Ndipo likazuka swali la mkulima ambaye huvuna kwa msimu lakini huugua wakati wowote.

Jibu la kwanza lilijaribiwa Igunga mwaka 1996. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 iliueneza mpango huo. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kuwahudumia watumishi wa umma kwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akiongeza asilimia 3. Tofauti hii ni ya msingi kuliko inavyotajwa kwa kawaida: mtumishi alilipa kwa kadiri ya kipato, mkulima alilipa kiwango kimoja, awe na ng'ombe mia au asiwe na kuku.

Mtu binafsi alipofunguliwa mlango wa Mfuko wa Taifa, hesabu ilibadilika. Toto Afya Kadi, iliyoanza mwaka 2016, ilimgharimu mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2019 vikaja vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, ambavyo bei yake ilipanda kwa umri na ukubwa wa familia; cha chini kabisa kilianzia shilingi 192,000. Neno "mchango" lilibaki, ingawa kilichotozwa sasa kilikuwa bei ya hatari ya mwili wa mlipaji. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmojammoja, ukieleza kuwa wazazi wengi walikata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa. Maelezo hayo ni sahihi kihesabu, lakini hayamlaumu ipasavyo mzazi: aliyepewa hiari ya kujiunga kwa fedha ya mfukoni huinunua bima anapoihitaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 iliiondoa hiari hiyo, na ikaunda mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Swali la nani hana uwezo, hata hivyo, ni lilelile lililowashinda watoaji wa misamaha tangu miaka ya 1990, mgonjwa alipotakiwa kufika hospitalini na barua ya kiongozi wa kijiji chake.