Likeni Mpya Hupataje Jina?

Yale madoa ya kijivu na kijani yaliyogandamana na gome la mnazi au mwembe wako, ndugu msomaji, si ugonjwa wa mti. Ni likeni: kuvu inayoishi nyumba moja na mwani mdogo usioonekana kwa macho, au na bakteria. Kuvu hujenga nyumba, mwenzake hupika chakula kwa mwanga wa jua. Jina la kisayansi hupewa kuvu peke yake, na mimi naona mpishi amedhulumiwa.

Kisa kinachonivutia ni cha Sticta deyana, iliyotangazwa mwaka 2015 na James Lendemer na Bernard Goffinet. Makao yake ni misitu ya vinamasi vya pwani ya mashariki ya Marekani, hasa rasi ya Dare huko North Carolina. Jina limetokana na Jonathan Dey, mtaalamu wa likeni. Ajabu ni kwamba kuvu hii moja ina sura mbili. Ikiishi na mwani wa kijani huwa bapa kama jani. Ikiishi na bakteria huwa kama kichaka kidogo chenye matawi. Ukiziona mbalimbali utaapa ni viumbe viwili. Vinasaba ndivyo vinavyoamua.

Kabla ya vinasaba kuna kazi ya mikono. Likeni hukatwa pamoja na gome, ikakaushwa na kuwekwa ndani ya karatasi iliyoandikwa mahali na mti ilikotoka. Huangaliwa kwa darubini, hutonwa dawa ya kung'arishia nguo ili kuona kama rangi itageuka, kisha hulinganishwa na sampuli za zamani. Hapo ndipo penye kazi, maana huenda mtu aliipa jina miaka mia iliyopita. Sampuli moja huhifadhiwa daima kuwa shahidi wa jina. Tangu 2012 maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini, na tangu 2013 jina jipya la kuvu lazima lipate namba ya usajili.

Haraka yatoka wapi? Rasi ya Dare iko chini mno na bahari inapanda. Sisi wa Lamu hadi Vanga tuna mikoko inayostahimili chumvi. Miti ya vinamasi vile haistahimili. Kiumbe kisicho na jina ni vigumu kukitetea mbele ya serikali yoyote, na kule tayari kuna sehemu ambako miti imesimama mikavu, myeupe, ndani ya maji.